Bodi Mbovu, Spea Nzima: Uchomoe Nini, Uache Nini

Swali ni lile lile, linabadilisha nguo tu. Kijana wa Olasiti amekusanya bodi za ving'amuzi na redio hadi kiroba kimejaa. Dada anayesoma Chuo cha Ufundi Arusha anahitaji rileyi mbili za mradi wake, na duka la mjini limemwambia asubiri mzigo kutoka Kariakoo. Mzee mmoja ana TV za chogo stoo, zimekaa humo tangu enzi za antena, kabla mitambo ya analojia haijazimwa Arusha mwaka 2013. Wote wanauliza: humo ndani kuna cha maana? Na kinatolewaje bila kuharibika?

Cha maana kipo. Ila wengi wanaoanza kazi hii hukosea mahali pamoja: wanachomoa kila kitu. Baada ya wiki mbili wana makopo sita ya vidude wasivyovijua majina, wala hawajui kama ni vizima. Kanuni ninayowapa wote ni fupi. Chomoa kile tu unachoweza kukitaja na kukipima. Kingine kiache kwenye bodi hadi siku utakapokihitaji. Bodi yenyewe ni stoo nzuri kuliko kopo lako.

## "Si ninunue spea mpya tu?"

Kwa baadhi ya vitu, ndiyo, nunua. Rezista mpya ni bei ya pipi. Ya kuchomoa ina miguu mifupi, na muda utakaotumia kuitoa ni ghali kuliko yenyewe. Usihangaike na rezista, isipokuwa zile kubwa za wati 5 na kuendelea.

Habari inabadilika ukifika kwenye transista za nguvu, mosfeti na IC za amplifaya. Huko madukani bandia ni nyingi. Unanunua transista yenye maandishi mazuri yanayong'aa, unaifunga kwenye amplifaya, inaungua kabla wimbo haujaisha. Iliyotoka kwenye UPS au redio ya kampuni inayoeleweka, hata kama ina miaka kumi na tano, kwa kawaida ni halisi. Nusukipitishi kama hiyo haichakai kwa kukaa tu. Spea halisi ya zamani iliyopimwa naiamini kuliko mpya nisiyojua ilikotoka.

Sababu ya pili ni umbali. Sisi wa huku spea nyingi zinatufikia kutoka Kariakoo kwa basi, au zinavuka Namanga kutoka Luthuli Avenue, Nairobi. Kwa kidude cha shilingi mia chache, nauli ya kifurushi inazidi bei ya mzigo.

Arusha wala si mgeni wa mambo haya. Eneo la Philips kwenye barabara ya Moshi lina jina hilo kwa sababu palikuwa na kiwanda cha redio. Na fundi Bernard Kiwia wa hapa hapa Arusha alijulikana kwa kutengeneza vifaa kutokana na vyuma na vipuri vilivyotupwa, ikiwemo chaja ya simu inayoendeshwa kwa baiskeli.

## Vifaa vya mezani

Usianze na orodha ndefu. Vya lazima ni hivi:

- Mita ya kidijitali yenye kipimo cha dayodi, na ikiwezekana cha kapasita.
- Chuma cha kulehemu cha wati 40 hadi 60. Cha wati 25 kitakutesa kwenye bodi nene.
- Pampu ya kunyonya lehemu.
- Waya wa lehemu wenye risasi, na flaksi kidogo.
- Kibano chembamba, plaizi, bisibisi za nyota na bapa.
- Miwani ya kinga. Lehemu ya moto huruka, na jicho halina spea.

Bloa ya hewa moto ni nzuri ukiipata, hasa kwa vidude vya kubandikwa juu ya bodi visivyo na miguu ya kupenya. Lakini usiisubiri. Asilimia kubwa ya vitu vya maana kwenye bodi za zamani ni vya miguu.

Jambo moja watu hulisahau: balbu ya zamani ya waya, ile ya wati 60 inayotoa joto. Siku hizi zimeadimika. Ukiiona, inunue na uitunze. Utaona kazi yake hapa chini mara mbili.

## Kabla hujagusa: umeme uliobaki

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wanapoumia.

Pawasapulai ya kompyuta, UPS, TV na chaja kubwa huchukua umeme wa volti 230 na kuugeuza kuwa wa mkondo mmoja wa volti 310 hadi 325 hivi. Umeme huo huhifadhiwa kwenye kapasita kubwa, moja au mbili, zilizoandikwa 200V, 400V au 450V. Ukichomoa plagi, chaji haiondoki papo hapo. Kama rezista ya kuimaliza imekatika, na kwenye bodi mbovu hilo ni jambo la kawaida, chaji inaweza kukaa saa nyingi ikikusubiri.

Fuata mpangilio huu kila mara, hata kama kifaa kimekaa stoo mwaka mzima:

1. Chomoa plagi. Kama ni UPS, ondoa na betri. UPS yenye betri inaweza kutoa volti 230 hata ikiwa haijachomekwa popote.
2. Subiri dakika kumi.
3. Weka mita kwenye volti za DC, kipimo cha juu kabisa, upime ncha mbili za kapasita kubwa. Tumia mkono mmoja, mwingine uweke mfukoni au nyuma ya mgongo.
4. Ikisoma zaidi ya volti 10, imalize chaji kwa rezista ya ohm 2,000 ya wati 5 au zaidi, iliyofungwa waya zenye ganda zuri. Balbu ya waya ya wati 60 inafanya kazi hiyo hiyo, na unaiona ikimulika kidogo kisha ikizimika.
5. Pima tena. Kapasita kubwa hurudisha chaji kiasi baada ya dakika chache.

Najua utaniambia, "Fundi wangu hupiga shoti kwa bisibisi na hajafa." Sawa. Cheche ile hutoboa ncha ya bisibisi, huchosha kapasita uliyokuja kuichukua, na hurusha vipande vya chuma kilichoyeyuka. Mwigize fundi wako kwa mengine.

Kuna vifaa viwili ambavyo mwanafunzi asivifungue kabisa.

Maikrowevu. Kapasita yake hubeba zaidi ya volti 2,000, na nyuma yake kuna transfoma yenye nguvu ya kutosha kuua kwa mguso mmoja. Humo hamna spea ya kumfaa anayeanza. Iache.

TV ya chogo. Ile waya nene yenye kofia ya mpira inayoingia kwenye kioo hubeba volti 20,000 na zaidi TV ikiwaka, na kioo chenyewe hutunza chaji kama kapasita. Kisha shingo ya kioo ni nyembamba. Ukiigonga hewa huingia kwa kishindo na vipande vikaruka. Kioo hicho kina risasi nyingi ndani yake, hivyo kukivunja ili utoe vyuma ni kujimwagia sumu uani. Mzee wangu mwenye TV za stoo, mtafute fundi TV wa siku nyingi akutolee bodi, na kioo kibaki kizima.

## Kipi kinapatikana wapi

Kila kifaa kina hazina yake. Ukijua unachotafuta, hutafungua vitu ovyo.

- Pawasapulai ya kompyuta. Kwangu ndiyo bora ya kuanzia. Ina briji ya dayodi, dayodi za shotki zenye uwezo wa ampea nyingi, transista za nguvu, koili za duara, optokapla, feni ya volti 12, mabati ya kupoozea na nyaya nzuri za shaba.
- UPS. Mosfeti, rileyi, transfoma nzito na soketi. Betri yake ya asidi na risasi ni hadithi nyingine, isifunguliwe.
- Redio kaseti na redio za gari. IC za amplifaya za familia ya TDA, vinobu vya sauti, spika, mota ndogo, na kwenye zile za mezani transfoma ya kushusha umeme.
- King'amuzi kibovu. Pawasapulai ndogo ya volti 12 au 5, soketi za antena na za sauti, taa ndogo, kipokezi cha rimoti. Bodi kuu yenyewe imejaa vidude vidogo mno. Wengi wenu haitawafaa.
- Printa na skana. Mota za hatua, vyuma vilivyonyooka, mikanda, meno ya plastiki na vihisi vya mwanga. Mwaka 2013 huko Lomé, Togo, Kodjo Afate Gnikou alitengeneza printa ya 3D, ile inayochapa vitu vyenye umbo kamili, kutokana na skana, printa na kompyuta zilizotupwa. Dar es Salaam nako STICLab wametengeneza mashine za aina hiyo kwa taka za kielektroniki. Kwa hiyo ukiona printa imetupwa, usiipite.
- Bodi mama ya kompyuta. Koili, mosfeti za kubandikwa na betri ya kidonge. Zile za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikumbwa na kapasita mbovu zilizovimba zenyewe. Za aina hiyo usiziguse hata kwa majaribio.
- Taa za kubana matumizi, zile za mrija uliopinda. Kwenye kitako kuna transista mbili na kapasita moja. Mrija una zebaki. Kama umeshapasuka, achana nayo, fungua madirisha. Kama ni mzima, fungua kitako bila kuushika mrija. Kusema kweli kwa transista mbili sioni faida.

## Kuchomoa bila kuunguza

Siri ambayo inawashangaza wengi: ili kutoa lehemu, kwanza ongeza lehemu. Lehemu ya zamani imekauka na imeshika kutu ya hewa, haipokei joto. Ukiongeza tone jipya lenye flaksi, joto linapita vizuri na yote inayeyuka pamoja.

Hili lina uzito zaidi kwenye bodi zilizotengenezwa baada ya mwaka 2006, Ulaya ilipozuia risasi kwenye vifaa vingi vya kielektroniki. Lehemu isiyo na risasi huyeyuka kwenye nyuzijoto 217 hivi, wakati ile ya zamani yenye risasi, mchanganyiko wa 63 kwa 37, huyeyuka kwenye 183. Ukizichanganya, kiwango kinashuka na kazi inakuwa nyepesi.

Kidude cha miguu miwili. Yeyusha mguu mmoja huku ukikisukuma kidogo upande, kisha mwingine, kwa zamu. Kitatoka hatua kwa hatua. Usivute kwa nguvu. Ukivuta, mguu unabaki kwenye bodi na wewe unabaki na kichwa.

Miguu mitatu, kama transista. Mwaga lehemu ya kutosha iunganishe miguu yote mitatu, pasha dimbwi lote, kitoke mara moja. Kama kimefungwa kwenye bati la kupoozea, fungua skrubu kwanza. Bati hilo linanyonya joto lote na utadhani chuma chako ni kibovu.

IC ya miguu mingi. Pampu, mguu mmoja mmoja, na uvumilivu. Mwenye bloa apake flaksi na aweke nyuzijoto 350 hivi, azungushe hewa bila kusimama sehemu moja. Lehemu ikiyeyuka, IC inateleza yenyewe kama siagi kwenye kikaango. Ndipo uiinue kwa kibano. Usiivute mapema.

Soketi na swichi za plastiki. Pasha upande wa chini wa bodi, usiuelekeze moto kwenye plastiki. Zikianza kulegea umbo, umechelewa.

Makosa ninayoyaona zaidi:

- Kukaa na chuma kwenye mguu mmoja muda mrefu. Zikipita sekunde tano bila kuyeyuka, ondoa, acha ipoe, ongeza lehemu, rudia.
- Ncha nyeusi ya chuma. Ncha isiyong'aa haipitishi joto. Ifute kwenye sifongo yenye maji na uivishe lehemu kila unapopumzika.
- Kusahau kuandika upande wa chanya au namba ya mguu wa kwanza kabla ya kutoa. Piga picha kwa simu.
- Kukata bodi kwa msumeno pakavu. Vumbi lake ni nyuzi za kioo. Kama huna budi, lowanisha bodi na uvae barakoa.

## "Nikiweka bodi juu ya jiko la mkaa, si vinadondoka vyenyewe?"

Vinadondoka. Na wengi wanafanya hivyo, najua. Joto la mkaa hulitawali: wakati lehemu inayeyuka upande mmoja, upande mwingine bodi inaungua. Plastiki ya bodi nyingi ina kemikali za kuzuia moto, na zikiungua hutoa moshi wenye sumu unaobaki kwenye mapafu, kwenye nguo, kwenye sufuria itakayotumika jioni kwa jiko hilo hilo. Na hata ukijitoa mhanga, spea zilizopikwa hivyo nusu yake zimekufa. Kuchoma nyaya ili upate shaba ni vile vile. Menya kwa kisu.

Kuhusu risasi, ngoja niwatoe hofu sehemu moja na niwape nyingine. Kwenye joto la kawaida la kulehemu, risasi haigeuki mvuke wa kutisha. Moshi unaouona ni wa flaksi, nao huwasha mapafu na unaweza kuleta pumu. Risasi inaingia kwa mdomo: vidole, sigara, chapati iliyoliwa mezani pa kazi. Kwa hiyo:

- Usile wala kunywa chai kwenye meza hiyo.
- Nawa kwa sabuni kabla ya kushika mtoto au chakula.
- Futa meza kwa kitambaa kibichi. Ukifagia pakavu unarusha vumbi.
- Watoto na wajawazito wakae mbali. Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti nzima mwaka 2021 kuhusu watoto na madampo ya taka za kielektroniki, na risasi ni miongoni mwa sumu zinazotajwa humo.

Na baridi yetu ya Juni na Julai isikufungishe madirisha. Vaa sweta, fungua dirisha.

## Kupima: hapa ndipo spea inapozaliwa

Spea isiyopimwa ni taka uliyoihamisha kutoka bodi kwenda kopo. Pima siku ile ile unayochomoa.

Dayodi. Mita kwenye alama ya dayodi. Upande mmoja isome kati ya 0.5 na 0.7 kwa ya kawaida, au 0.15 hadi 0.4 kwa ya shotki. Upande wa pili isisome kitu. Ikisoma pande zote au isiposoma popote, tupa.

Transista ya NPN. Waya mwekundu kwenye beisi, mweusi kwenye kila mguu mwingine: isome karibu 0.6 mara mbili. Kati ya miguu miwili iliyobaki kusiwe na kitu. Ya PNP geuza nyaya.

Mosfeti aina ya N. Gusa mguu wa geti kwa waya mwekundu na wa sosi kwa mweusi, uache. Hamisha mwekundu kwenda dreni: nzima itapitisha. Kisha unganisha geti na sosi kwa kidole, upime tena. Isipitishe upande huo, ibaki ile dayodi ya ndani tu ukigeuza nyaya. Hizi hufa kwa chaji ya mwili, hasa kiangazi hewa ikiwa kavu. Gusa chuma kilichounganishwa na ardhi kabla ya kuzishika.

Regyuleta kama 7805. Ipe volti 9 hadi 12. Itoe kati ya 4.8 na 5.2. Basi.

Rileyi. Koili ya volti 12 kwa kawaida husoma ohm mia kadhaa. Ipe volti 12 usikie mlio, kisha pima kama vidole vyake vinashika vizuri.

Transfoma. Upande wa umeme mkubwa una ohm nyingi kuliko wa pili. Unapoijaribu kwa mara ya kwanza, iunganishe na umeme kupitia ile balbu ya waya kwa mfuatano. Balbu ikiwaka kwa nguvu transfoma ina shoti; ikibaki gizani au ikimulika kidogo tu, nzuri. Taa ya LED haiwezi kazi hii. Kama hujawahi kufanya kazi ya umeme wa ukutani, mwombe fundi akusimamie.

Kapasita za elektrolaiti. Hapa msimamo wangu ni mkali na sitaulegeza. Hizi zina maji ndani na hukauka. Nyingi zimepewa na kiwanda umri wa saa 1,000 au 2,000 tu kwenye joto la juu, na hizo zako zimekaa jirani na bati la moto miaka yote. Iliyovimba kichwa, iliyovuja, au iliyopungua zaidi ya asilimia 20 ya thamani iliyoandikwa, tupa. Hata iliyosoma vizuri itumie kwenye majaribio tu. Kwenye kifaa cha mteja weka mpya. Kapasita za seramiki na za filamu hazina shida hii, hizo chukua.

## Betri za laptopu

Mnaniuliza sana kuhusu seli za ndani, kwa ajili ya taa na pawabenki. Zinafaa, kwa masharti. Fungua ganda bila kuchoma kitu chenye ncha ndani. Seli iliyotobolewa huwaka moto usiozimika kirahisi. Seli iliyoshuka chini ya volti 2 usijaribu kuifufua. Iliyo nzima ijaze kwa chaja ya lithiamu inayokata kwenye volti 4.2, juu ya sakafu ya saruji, mchana, ukiwepo. Usiziunganishe bila bodi ya ulinzi. Na chumba cha kulala si mahali pake.

## "Na dhahabu?"

Ipo, kidogo sana, imepakwa kwenye ncha za soketi na ndani ya IC. Kuitoa kunahitaji asidi kali au sayanidi, na viwanda vinavyofaidika hupitisha bodi kwa tani. Ukiwa na kiroba kimoja, utaishia na macho yanayowasha na ndoo ya asidi usiyojua uimwage wapi. Bodi hizo hizo zikiwa na mosfeti kumi nzima zina pesa zaidi.

Kuhusu wale wanaopita wakitafuta redio na TV za zamani zenye "zebaki nyekundu" kwa mamilioni: huo ni utapeli. Mwaka 2009 uvumi wa aina hiyo uliikumba Saudi Arabia, watu wakanunua cherehani kuukuu za Singer kwa bei za ajabu. Hakuna kitu kama hicho ndani ya cherehani, wala ndani ya redio ya babu yako. Atakayekuomba utangulize fedha ya "kipimo" ndiye mwizi.

## Umenunua kwa nani?

Vyuma chakavu vya Unga Limited na mafundi wa mitaani ni vyanzo vizuri. Andika ulinunua nini, kwa nani, lini. Simu au laptopu inayouzwa usiku na mtu asiyetaka kutaja jina, iache. Kuichambua spea hakufuti wizi, kunakuweka wewe mahali pa mwizi. Mita za LUKU, nyaya za nguzo na betri za minara ya simu usizipokee hata za bure.

Mafundi wa jirani wana bodi mbovu wasizojua wapeleke wapi. Mpe fundi shikamoo yake, mweleze unachofanya, umwachie namba. Mara nyingi utapewa bila malipo.

## Kutunza

Pakiti ndogo za plastiki na karatasi yenye maandishi: jina, thamani, volti, ilikotoka, tarehe ya kupimwa. Mosfeti na IC zifunge kwenye karatasi ya foili. Masika ya Machi hadi Mei weka kila kitu juu, mbali na ukuta unaotoa unyevu. Panga kwa kazi: vya umeme, vya sauti, vya taa. Zaidi ya hapo hakuna sayansi.

## Mabaki

Ukishachukua spea kumi, kinabaki kipande cha bodi chenye risasi na kemikali. Usikizike shambani, usikitupe korongoni. Maji ya mto Themi yanapita mjini kisha yanamwagilia bustani za mboga huko chini, na mboga hizo tunazinunua soko la Kilombero sisi wenyewe. Mabaki yaweke kwenye ndoo yenye mfuniko, mahali pakavu, hadi yatoshe kumpa mkusanyaji mwenye kibali.

Dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizi mwaka 2022, na chini ya robo ndiyo iliyothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Nchini tuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na kanuni za 2021 zinazohusu taka za vifaa vya umeme na kielektroniki. Kuchomoa spea za mradi wako ni jambo dogo. Ukianza kukusanya na kuuza kwa mzigo umeingia kwenye biashara, na baraza la mazingira, NEMC, Kanda ya Kaskazini wana ofisi hapa Arusha. Nenda uwaulize kibali kabla hawajaja wao.

Kama hujawahi kufanya kazi hii, Jumamosi hii tafuta pawasapulai moja tu ya kompyuta, iliyokufa. Maliza chaji, toa briji, dayodi mbili za shotki, optokapla na feni. Vipime, viandike, vifunge. Usifungue kifaa cha pili kabla hivyo vitano havijakaa kwenye pakiti zenye majina.